Wadudu waliookoa msitu

Mgeni azuruye magofu ya Gede, karibu na Malindi, huenda kuona misikiti na kasri la kale. Papo hapo hukutana na walimu wengine: vipepeo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe, wapate mashamba. Ndovu na nyani walikuwa wakiwamalizia mimea. Mwaka 1993 ulianzishwa Mradi wa Kipepeo. Wakafuga viwavi na kuuza ng'ambo pupa, yaani viwavi waliojifunga ndani ya ganda. Asali nayo ikafuata. Msitu ukawa shamba lisilohitaji shoka.

Mzazi, mpeleke mwanao ajifunze: nyuki asipobeba chavua, boga halizai, na msitu ukiisha, nyuki atakaa wapi?