MALEZI: Viganja vya watoto vyaweza kufunza majira ya mwaka

MZAZI aliyewahi kuingia katika darasa la chekechea humu nchini hakosi kukumbuka ukuta uliojaa chapa za viganja. Vidole vitano vidogo vilichovywa katika rangi, vikagandamizwa kwenye karatasi, na jina la mtoto likaandikwa chini yake kwa mkono wa mwalimu. Aghalabu kiganja hicho huwa kimegeuzwa kuwa kitu kingine: kimetiwa jicho kikawa ndege, au kimeongezwa shina kikawa mti.

Ajabu ni kwamba, katika kuta nyingi za aina hiyo, mti wenyewe huwa umepukutisha majani mekundu ya nchi za baridi, na kando yake pana sanamu ya theluji iliyovalishwa skafu. Mtoto wa Kitui, ambaye theluji ameiona kwenye runinga tu, hufunzwa majira ya mwaka kwa kuchora kitu ambacho akitoka nje ya darasa hatakiona.

Kasoro hii haitokani na uvivu wa walimu. Vielelezo vingi vinavyopatikana kwenye intaneti vilitungwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya na Marekani, ambako mwaka hugawika katika misimu minne inayotofautiana mno kwa joto na kwa urefu wa mchana. Sisi tulio kwenye ikweta mchana wetu haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mvua na pepo: kiangazi cha Januari na Februari, masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti, kisha vuli kati ya Oktoba na Desemba. Hata mgawanyo huu hauwafai Wakenya wote, maana Magharibi mvua hunyesha karibu mwaka mzima ilhali Turkana hupita miezi bila tone.

Kazi ya viganja, ikifanywa kwa kufuata majira haya, humpa mtoto mambo mawili kwa pamoja. Humfunza kutazama kinachotokea nje ya mlango wao, na humwachia mzazi kumbukumbu ya mkono ambao mwaka ujao hautakuwa wa kipimo kile.

Wala si jambo geni. Katika mapango ya kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, watafiti walitangaza mwaka wa 2014 kwamba alama moja ya kiganja iliyopuliziwa rangi ukutani ilikuwa na umri wa angalau miaka 39,900. Binadamu alitia chapa ya mkono wake mwambani kabla ya kubuni maandishi ya aina yoyote.

Yafaa mzazi aufahamu mkono wenyewe kwanza. Mtoto anapozaliwa, mifupa minane ya kifundo cha mkono wake huwa ingali gegedu laini, na huendelea kukomaa kidogo kidogo hadi mtoto anapokaribia ujana. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu hushika kalamu kwa ngumi nzima, na kumlazimisha aandike herufi zilizonyooka ni kumwonea. Kufinya donge, kutandaza vidole, kukandamiza na kuinua mkono bila kuukokota ni mazoezi yanayoutayarisha mkono huo. Mistari midogo iliyo kwenye ncha za vidole, kwa upande wake, hujiunda mtoto angali tumboni wala haibadiliki maishani. Hata pacha wanaofanana sura hawafanani alama za vidole, na hakuna mtoto asiyependa kuambiwa hivyo.

Kuhusu rangi, hapana haja ya kwenda dukani. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi, ubandike mekoni na ukoroge hadi uwe mzito kama uji, kisha uache upoe. Gawanya katika vibakuli. Kimoja tia manjano ya kupikia, kingine makaa yaliyosagwa na kuchungwa, na kingine maji ya bitiruti, ijapokuwa wekundu wa bitiruti hufifia baada ya muda. Wakazi wa Kwale wana mzingifuri karibu nao, ambao mbegu zake zikifikichwa kwa mafuta kidogo hutoa rangi ya machungwa iliyoiva. Uji huu haudumu zaidi ya siku chache, na manjano hayatoki kwenye nguo, kwa hivyo mvue mtoto sare ya shule mapema.

Rangi ya nyumba iliyobaki kwenye kopo isiguswe kamwe. Rangi za mafuta, hasa za zamani, huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kilicho salama. Mtoto hutia vidole mdomoni hata ukimkanya mara kumi. Pwani kuna tahadhari nyingine: hina safi haina neno, lakini piko nyeusi huchanganywa na kemikali za rangi ya nywele ambazo huweza kubabua ngozi ya mtoto hadi ikatoka malengelenge.

Masika ndiyo majira yenye neema kubwa kwa kazi hii, kwa sababu rangi huletwa na mvua mlangoni. Udongo mwekundu wa Murang'a na udongo mweusi unaonata wa Mwea, ukilainishwa na kuondolewa mawe, hutoa chapa nzuri kwenye kadibodi. Mvua za kwanza zinapotua, kumbikumbi huruka. Mdudu huyu ana mabawa manne, basi mtoto achape kiganja cha kulia mara mbili na cha kushoto mara mbili, kisha achore mwili katikati. Atahesabu mabawa, na kesho yake atayaokota sakafuni, kwa kuwa kumbikumbi huyaangusha baada ya kuruka.

Chura naye ana funzo lake. Miguu yake ya mbele ina vidole vinne, ya nyuma ina vitano. Mtoto atalazimika kukunja kidole gumba anapochapa miguu ya mbele, na hapo swali la mbona halikosi kuja. Mzazi asiyejua jibu na aende naye wakamtazame chura.

Kipupwe ni kigumu zaidi, hasa kwa wanaoishi nyanda za juu. Mwezi Julai, Limuru ikiwa imefunikwa na ukungu, hakuna mtoto atakayefurahia kupakwa uji baridi mkononi, na karatasi huchukua siku nzima kukauka. Afadhali wakati huo mtoto aweke mkono kwenye kitambaa au karatasi kavu, mzazi auzungushie penseli, kisha mtoto ajaze ndani kwa mabaki ya nyuzi za sweta. Kuanzia Julai hadi Oktoba ndipo nyumbu huvuka kutoka Serengeti, Tanzania, kuingia Maasai Mara. Kiganja kikielekezwa chini, vidole vinne huwa miguu na kidole gumba huwa shingo. Watoto wote wa nyumba wakichora mikono yao, wa darasa la sita hadi anayenyonya, kundi hukamilika, lenye ndama na wazee.

Vuli huanza Nairobi ikiwa imefunikwa na maua ya zambarau ya mjakaranda, mti ulioletwa kutoka Amerika Kusini ukawa kana kwamba ni mwenyeji. Mkono tangu kiwiko huwa shina, vidole huwa matawi, na maua huchapwa kwa ncha ya kidole kimoja. Mtoto achanganye nyekundu na buluu mwenyewe. Akipata rangi ya matope badala ya zambarau, mwache.

Kwa Wapwani, hesabu ya mwaka hufuata pepo. Kiganja chenye vidole vilivyobanwa pamoja, kikichapwa kwa mshazari, ni tanga la ngalawa kamili. Tanga moja lielekee upande wa kusi, inayoanza kuvuma karibu na Aprili, na la pili upande wa kaskazi, ambayo huja mwishoni mwa mwaka na kudumu hadi Machi. Babu aliyewahi kuvua atamweleza mjukuu kwa nini bahari ya kusi huogopwa, na mazungumzo hayo yana thamani kuliko picha yenyewe.

Kiangazi kimewekwa mwisho kwa sababu maalumu. Ndiyo majira ya donge la chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yapatayo kikombe kimoja yanayomiminwa kidogo kidogo. Kanda, tandaza unene wa sentimita moja, mtoto akandamize kiganja, kisha anika juani siku tatu au nne ukiligeuza. Wenye joko hulioka kwa nyuzi 100 kwa saa mbili au tatu. Mtoto asiachwe alile, kwani chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwake.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeongeza kazi za mikono zinazopelekwa nyumbani, na pamoja nazo kero ambayo kila mzazi anaijua. Saa tatu usiku mtoto amelala, mama anakata kadibodi na baba anabandika macho. Kesho yake mwalimu hupokea ndege asiye na dosari, na mtoto hukaa kando akimtazama kama mgeni. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba aliwahi kupeleka heroe wa aina hiyo. Binti yake alipoulizwa darasani aliyemtengeneza, alisema kweli.

Chapa iliyokokotwa, yenye kidole kimoja kilichokosa rangi, ndiyo ya mtoto. Na wapo watoto wasiovumilia kabisa kitu chenye utelezi mkononi. Hao wapewe penseli au sifongo, wasishikwe kifundo kwa nguvu. Mtoto mwenye kidole pungufu au mkono uliokunjika naye achape alivyo, bila mtu kumjazia kilichokosekana.

Nyuma ya kila kazi andika tarehe, umri na majira. Zile za donge la chumvi zisitundikwe ukutani masika yanapokaribia, kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu hewani. Cha binti yetu wa kwanza, kilichotengenezwa Februari, kilikuwa kimelainika na kuota kuvu kufikia Mei, na hakikuokolewa. Cha mdogo wake kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na konzi ya mchele mkavu, katika bati la biskuti juu ya kabati.