Kochi Lililokataa Mlango

Saa nne asubuhi kochi lilikwama mlangoni, na adhuhuri ikatukuta bado tunalisukuma. Nyumba ilikuwa Viwanja Sitini hapa Ifakara, mpya kabisa, rangi inanuka, na dalali alikwisha kuahidi kumleta mpangaji jioni ile ile. Vijana wanne walilisimamisha, wakalilaza ubavu, wakaligeuza miguu juu. Wapi. Madirishani mna nondo, kwa hiyo huko nako hakuna njia. Mwishowe akaitwa fundi seremala, akaja na msumeno, akalipasua lile kochi la pembe vipande viwili mbele ya macho yetu. Mimi na mwenzangu tulilishika ncha mbili lisianguke, huku tukijua limetugharimu faida ya miezi miwili.

Katika mpango wetu tulioandika kurasa kumi na moja mlikuwamo bei ya mbao, sponji, kitambaa, gundi na nauli ya kirikuu. Hata sabuni ya kuoshea mazulia tuliikumbuka. Upana wa milango haukuwamo.

Biashara yenyewe ni kupamba nyumba tupu ili ipate mtu. Marekani kazi hii ina zaidi ya nusu karne. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Barb Schwarz, aliyeianza mwaka 1972 huko Seattle, na shabaha yake ilikuwa muuzaji wa nyumba. Ifakara watu hawauzi nyumba hivyo. Hujenga polepole: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, mpunga ukikubali ndipo bati. Siku nyumba inapokamilika mfuko umeshakauka, na mwenye nyumba anabaki na vyumba vinavyotoa mwangwi. Mtu akiingia chumba kitupu hawezi kukipima kwa macho. Weka kitanda cha tano kwa sita, stuli moja na pazia, papo hapo ataona kwamba mlango wa kabati utafunguka na yeye atapata pa kupita.

Na wapangaji wapo, kwa sababu Ifakara ni mji uliozoea wageni wenye mikataba. Waswisi walifungua maabara yao ya utafiti mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975 ilileta watu wake. Likafuata daraja la Mto Kilombero, kisha barabara ya lami ya kilomita 66.9 kutoka Kidatu. Kila mradi huleta wahandisi, madaktari, wahasibu na madereva ambao watakaa miaka miwili au mitatu, na hakuna mwenye akili atakayenunua kabati la vyombo kwa muda huo. Tukasema: tutapamba nyumba, na mpangaji akizipenda samani azibakize, atulipe kodi ya mwezi. Seti sita, nyumba sita. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Kosa letu kubwa lilikuwa neno seti. Samani hutoka stoo zikiwa seti, na hurudi zikiwa vitu. Mpangaji mmoja hataki meza ya katikati kwa kuwa ana mtoto anayejifunza kutembea. Mwingine anataka meza mbili na hana haja ya kochi. Baada ya miezi minane tulikuwa na viti vya mninga vinavyokaa na meza ya mkongo, mito ya kijani juu ya makochi ya kahawia, na kitanda ambacho chaga zake tatu ziko nyumba nyingine kabisa. Ukituuliza tuna viti vingapi tungekujibu bila kusita. Ukituuliza viko wapi, tungeanza kupiga simu.

Siku moja nilikwenda nyumba moja ya Lipangalala kukagua. Sebuleni nikakuta viti viwili badala ya sita. Mwenye nyumba, mama wa makamo anayeishi banda la uani, alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefuata viti?"

"Nimekuja kuvitazama tu, mama. Naona vimepungua."

"Vimekwenda msibani kwa jirani, tangu juzi. Watu walikuwa wanakaa chini na umande wote ule. Ulitaka nimwambie viti si vyangu?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kiti kilicho ndani ya nyumba ya mtu huku kwetu ni kiti cha mtaa pindi msiba unapotokea, na mkataba wowote utakaosema vinginevyo utavunjwa, tena na watu wema. Viti vinne vilirudi Jumatatu. Viwili havikuwa vyetu; vilikuwa vizuri kuliko vyetu. Ilituchukua wiki mbili kumpata mwenye navyo.

Tangu hapo kila kitu kina alama yake, imeandikwa kwa rangi ya mafuta mahali ambapo mpangaji haoni: chini ya kikalio, nyuma ya droo, upande wa ndani wa ubao wa kichwani. Daftari nalo likabadilika. Zamani lilikuwa na jina la kitu, idadi na bei. Sasa lina kilipo leo, nani alikiona mara ya mwisho na tarehe gani, na kilikuwa na hali gani. Safu hiyo ya hali ndiyo inayonifanya nilale. "Kizima" ni neno tulilolipiga marufuku, maana kila mtu ana kizima chake. Tunaandika: mguu wa nyuma kulia unacheza, vanishi imebabuka kwa sufuria ya moto.

Kuhusu mbao tulijiona wenyeji, na hapo ndipo tulipoteleza. Bonde la Kilombero lina misaji mingi ya kupandwa. Kampuni ya Kilombero Valley Teak Company, iliyoanzishwa mwaka 1992, imepanda kiasi cha hekta 8,000. Kila mtu anajua mchwa hagusi msaji. Ukweli wake ni kwamba mafuta yanayomkimbiza mchwa yamo katika kiini, ile sehemu ya kahawia. Mbao nyeupe ya pembeni, ambayo mti mchanga unayo tele, mchwa huila kama mbao nyingine yoyote. Tulinunua vitanda vya bei nafuu tukifurahia jina. Mwaka wa pili nikagonga mguu wa kitanda kimoja kwa kidole, ukaita kama debe. Nusu ya kahawia ilikuwa imara. Nusu nyeupe ilibaki ganda jembamba, ndani udongo mtupu. Siku hizi naugeuza ubao na kuutazama kichwani kabla sijauliza bei.

Kisha maji. Masika ya 2024 mafuriko yaliingia Ifakara, na stoo yetu ilikuwa chini, kwa sababu ya chini ndiyo yenye kodi ndogo. Makabati ya unga wa mbao, yale yanayokuja yamefungwa kwenye maboksi, yalivimba kama andazi ndani ya chai. Magodoro tuliyatoa kwa machozi. Vilivyopona ni vya mbao halisi, na hivyo navyo ilitubidi kuviosha tope na kuvikausha kivulini wiki nyingi, maana ukiviharakisha juani vinapasuka. Mpango ulikuwa umeandikwa mwezi wa Agosti, Ifakara ikiwa kavu na vumbi tupu, na unasomeka hivyo mwanzo mpaka mwisho.

Nisiwe mchoyo: lipo lililotunufaisha bila sisi kulipanga. Mwaka 2016 kivuko kilipinduka katika Mto Kilombero na watu wakapotea. Leo gari letu linapita juu ya daraja la mita 384 na kufikisha kitanda Lupiro au Mahenge siku hiyo hiyo. Lami nayo imepunguza mikwaruzo ya njiani. Lakini barabara haichagui mzigo. Makochi ya Keko, Dar es Salaam, sasa yanafika hapa yakiwa mapya, kwa bei ambayo fundi wetu akiisikia hunyamaza, na mpangaji anayeweza kununua kwa bei hiyo hana sababu ya kukodi.

Nyumba sita hatukuzifikia. Tunahudumia nne, kwa samani zile zile za seti sita, kwa kuwa wakati wowote ukija utakuta theluthi yake iko njiani, kwa fundi, au inakauka. Mahesabu yetu ya kwanza yaliichukulia kila samani kana kwamba inafanya kazi siku zote 365. Mwenzangu bado anaamini tutafika sita. Mimi nataka kwanza stoo yenye msingi mrefu.

Lile kochi fundi alilifunga bolti mahali alipolipasua, akashonea mkunjo wa kitambaa kuficha alama. Ndilo linalokodiwa kuliko yote, kwa sababu linapita kila mlango. Katika daftari ni K3a na K3b. K3a iko Kibaoni kwa mhasibu. K3b, kwa mujibu wa kijana aliyeiona Jumamosi, iko nyumba ya tatu kutoka hapo, wamepata ugeni.