‘Scuffle’ si vita: Maana na asili ya neno hili

MAJUZI nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni mkalimani mahakamani.

“Mwalimu, nisaidie. Taarifa ya shahidi imeandikwa kwa Kiingereza kwamba kulikuwa na ‘scuffle’. Nimsomee mshtakiwa ati kulizuka vita?”

Nilimwambia asithubutu. Nitaeleza kwa nini.

Kwa Kiingereza, ‘scuffle’ ni hali ya watu kusukumana, kuvutana na kushikana mashati kwa muda mfupi, aghalabu bila kupanga. Hebu waza makanga wawili wanaong’ang’ania abiria mmoja kituoni. Huyu anavuta mkono, yule anavuta mkoba, wanagongana mabega, kisha mambo yanaisha. Hakuna aliyerusha ngumi.

Neno hili lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Yaelekea lilitokana na lugha za Skandinavia, kwani Kiswidi kina kitenzi ‘skuffa’ chenye maana ya kusukuma. Lina udugu na ‘shove’, yaani kusukuma kwa nguvu, na ‘shuffle’, yaani kutembea kwa kuburura miguu. Kwa hivyo, kiini chake ni msukumo, si pigo.

Tazama pia mwisho wa neno lenyewe. Katika vitenzi vingi vya Kiingereza, kiambishi ‘-le’ huashiria tendo linalorudiwarudiwa. ‘Wrestle’, yaani kupigana mieleka, liliundwa vivyo hivyo kutokana na kitenzi cha kale kilichomaanisha kupinda au kusokota. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kauli ya kutendana pamoja na uradidi: sukuma, sukumana, sukumanasukumana.

Basi tutumie neno lipi? ‘Kupigana’ kunahitaji mapigo. ‘Mieleka’ ni mchezo wenye kanuni, na lengo ni kumwangusha mwenzako. ‘Ghasia’ huashiria umati. Neno linalokaribia zaidi ni ‘purukushani’. ‘Kukurukakara’ pia lafaa, na hata sauti yake inakuchorea watu wanaohangaishana. Ukikosa yote mawili, sema tu “walisukumana” na utakuwa umesema kweli.

Huenda msomaji akaniona mchaguzi wa maneno kupindukia. La hasha! Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inasema kuwa anayeshiriki mapigano mahali pa umma ametenda kosa, na anaweza kufungwa mwaka mmoja. Sasa fikiria shahidi anasema kwa Kiswahili, “Walisukumana kidogo mlangoni,” naye mkalimani anamwambia hakimu kwa Kiingereza kwamba walipigana. Kinachoandikwa katika kumbukumbu za kesi ni maneno ya mkalimani. Mtu ameongezewa kosa ambalo shahidi hakulitaja.

Wanahabari nao wajihadhari. Madiwani wakivutana kwa sababu ya kipaza sauti, tusitangaze kwamba vita vimezuka katika bunge la kaunti. Siku vita vyenyewe vitakapozuka, tutatumia neno gani?

“Nimeelewa, Mwalimu,” akasema mwanafunzi wangu. “Kesho nitamsomea ‘purukushani’.”