Kompyuta Imeamka, Sauti Haikuamka

Ndugu wanachama, wengi wenu mmetuuliza juu ya jambo hili, na sisi wenyewe limetufika. Katika mkutano mmoja tulikuwa tukizungumza na wenzetu wa tawi la mbali kwa kompyuta. Tulipokwenda kusali Alasiri, mashine ikalala. Tuliporudi na kuiamsha, nyuso zao twaziona, sauti hatuisikii. Mwenzetu mmoja akashauri tununue spika mpya kwa fedha za ada. Bahati njema hatukununua, kwani spika zilikuwa nzima.

Sababu yake ni hii. Kompyuta ikilala hubakisha umeme kidogo tu wa kuhifadhi kazi iliyokuwa ikifanywa, na sehemu zake nyingi, pamoja na ile ya sauti, hupumzishwa. Ikiamka, programu inayoongoza sauti, iitwayo draiva, yapaswa kuiwasha upya sehemu hiyo. Mara nyingine haiwezi. Ni kama wachumaji walioitwa warudi mikarafuuni baada ya mapumziko, na mmoja hakusikia. Hakuugua, yafaa aitwe tena.

Basi mwenye kutumia Windows na afanye hivi:

Kwanza, tazama alama ya spika chini ya kioo, upande wa kulia. Huenda sauti imefungwa, au yapelekwa kwenye televisheni iliyoungwa kwa waya. Ifungue, na uchague spika zako.

Pili, bonyeza pamoja vitufe vya Windows na R, andika services.msc, kisha bonyeza Enter. Tafuta Windows Audio, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Restart. Huenda ukatakiwa ruhusa ya msimamizi wa mashine.

Tatu, ikiwa bado, hifadhi kazi yako, kisha uwashe upya kompyuta nzima kwa neno Restart, wala si Shut down. Katika Windows 10 na 11, Shut down mara nyingi huweka akiba sehemu ya hali ya mfumo na kuirudisha mashine iwashwapo, na kosa laweza kurudi nayo. Restart huanza upya kabisa.

Taabu ikirudi kila siku, pata draiva mpya kwa mtengenezaji wa kompyuta hiyo, wala usiichukue pahala usipopajua.

Twawaomba makatibu wa matawi waukate ukurasa huu na kuubandika karibu na mashine. Ada ni jasho la wanachama. Isinunue badali ya kitu kilicho kizima.