Usiku wa Buenos Aires na mlango uliofungwa kwa kufuli

Ukifika Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, saa mbili za usiku ukiwa na njaa, utakuta mikahawa mingi ndiyo kwanza inapanga meza. Chakula cha usiku kule huliwa saa tatu au saa nne. Filamu na michezo ya kuigiza hufuata, na vijana wanaokwenda kucheza densi hawatoki nyumbani kabla ya saa sita. Saa nane za usiku ndipo ukumbi hujaa, na wengi hurudi makwao jua likichomoza.

Msomaji ataniuliza: wewe Mwislamu wa Pwani, una habari gani na kumbi za starehe za Amerika Kusini? Kumbi zenyewe sina haja nazo. Lakini katika mji ule kulitokea jambo ambalo kila nikiingia katika ukumbi wa harusi huku kwetu hunirudia akilini. Ili tulielewe, tuanze na mji wenyewe.

Mji na usiku wake

Buenos Aires ni mji wa bandari uliojengwa na wahamiaji, hasa kutoka Italia na Uhispania. Mji wenyewe una watu takriban milioni tatu, na ukijumlisha vitongoji vyake wanapita milioni 13. Starehe zake za usiku ni za namna nyingi, na si zote za ulevi.

Kuna Avenida Corrientes, barabara yenye majumba ya michezo ya kuigiza, maduka ya vitabu na mikahawa ya piza. Familia nzima, babu na wajukuu, huonekana hapo usiku wa manane wakila na kuzungumza. Kuna Teatro Colón, jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1908. Kuna Café Tortoni, mkahawa uliopo tangu mwaka 1858.

Kisha kuna kumbi za tango, ambazo huitwa milonga. Huko kuna adabu zake. Mwanamume hamwendei mwanamke kumshika mkono. Humtazama kutoka mbali, na mwanamke akikubali huitikia kwa macho au kichwa. Asipotaka hugeuza uso, na hakuna aliyeaibika. Wachezaji wote huzunguka upande mmoja ili wasigongane.

Neno hilo milonga halipo mbali nasi. Wataalamu wengi husema asili yake ni Kimbundu, lugha ya Angola, ambako mulonga ni neno na milonga ni maneno. Anayezungumza Kiswahili ataona mara moja ngeli ya mti na miti, na atakumbuka kitenzi chetu cha kulonga. Lilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani Amerika Kusini.

Namna nyingine ni vilabu vya densi, ambavyo wao huviita boliche. Vingi viko mtaa wa Palermo. Ajabu ni kwamba mtaa huo huo ndio wenye Kituo cha Kiislamu cha Mfalme Fahd, kilichofunguliwa mwaka 2000, ambacho msikiti wake ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika Amerika ya Kilatini.

Na namna ya mwisho ni kumbi za muziki wa roki. Vijana wa mitaa ya kawaida huziendea kama wanavyoendea mpira: kwa bendera, nyimbo za kishabiki, na fataki za moto. Hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Usiku wa Desemba 30, 2004

Ukumbi uliitwa República Cromañón, katika mtaa wa Once, karibu na stesheni kubwa ya treni. Alhamisi hiyo ilipiga bendi ya Callejeros. Kwa mujibu wa kibali chake ukumbi ulifaa kuchukua watu 1,031. Walioingizwa usiku ule walikuwa maradufu na zaidi.

Kabla muziki kuanza, meneja wa ukumbi alisimama kuwaonya watu wasiwashe fataki, akawaambia kwamba wakiwasha watakufa wote. Yaani hatari ilijulikana, ilitamkwa kwa kipaza sauti, na shughuli ikaendelea. Kabla ya saa tano za usiku, bendi ikiwa katika wimbo wake wa kwanza, kuna aliyewasha fataki. Cheche ilishika dari.

Dari hiyo ilitandikwa wavu wa plastiki, ule ambao wakulima hutandaza juu ya miche ili kuikinga na jua. Juu yake kulikuwa na sponji ya kuzuia sauti isitoke nje. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Lakini plastiki na sponji zikiungua hutoa kaboni monoksaidi na sianidi, hewa za sumu zinazomwangusha mtu kwa muda mfupi mno. Taa zilizimika. Watu waliukimbilia mlango mkubwa wa dharura, wakaukuta umefungwa kwa kufuli na waya.

Kwa nini ulifungwa? Ili watu wasio na tiketi wasipenye.

Walikufa watu 194, wengi wao vijana, na watoto wadogo wakiwemo. Zaidi ya 1,400 walijeruhiwa. Wengi hawakuungua, waliuawa na moshi. Na miongoni mwa waliokufa ni vijana waliokwisha kutoka salama, wakarudi ndani kuokoa wenzao.

Nani alikuwa na makosa?

Huku kwetu tuna maneno ya haraka: ajali haina kinga. Watu wa Buenos Aires waliyakataa. Wazazi waliandamana mwaka baada ya mwaka wakitaka kila aliyehusika atajwe, na kadiri mambo yalivyochunguzwa ndivyo ilivyoonekana kwamba moto ule ulitayarishwa na watu wengi, kila mmoja kwa jambo lake dogo.

Meneja, Omar Chabán, alijaza watu na kufunga mlango. Bendi iliwazoesha mashabiki wake fataki ndani ya kumbi. Cheti cha zima moto kilikuwa kimekwisha muda. Wakaguzi wa jiji hawakufanya kazi yao. Afisa mmoja wa polisi alipatikana na hatia ya kula rushwa ili afumbe macho.

Mwaka 2009 Chabán alihukumiwa kifungo cha miaka 20, kilichopunguzwa baadaye. Wanabendi waliachiliwa katika kesi ya kwanza, kisha rufaa ikawatia hatiani na wakaingia jela. Maofisa wa jiji nao walihukumiwa. Meya, Aníbal Ibarra, aliondolewa madarakani na baraza la jiji Machi 2006. Hakuwasha fataki, wala hakufunga mlango. Walimwondoa kwa sababu wakaguzi walikuwa wake.

Baada ya moto, jiji lilifunga kumbi kwa wingi, hata za tango na za muziki mdogo zisizo na kosa kubwa, na wanamuziki wengi walikosa riziki. Huo nao ni msiba wa ukaguzi uliolala: siku ukiamka, humpiga kila mtu. Leo stesheni ya treni ya chini ya ardhi mahali hapo ina tarehe ya moto katika jina lake, na karibu na ukumbi kuna mahali pa kumbukumbu palipotundikwa raba, viatu walivyovaa vijana wale.

Si Argentina peke yake

Miezi mitano kabla yake, Agosti 2004, duka kubwa lilishika moto Asunción, Paraguay. Milango ilifungwa ili watu wasitoke na bidhaa bila kulipa. Walikufa zaidi ya 300. Januari 2013, katika mji wa Santa Maria, Brazil, klabu ya usiku yenye mlango mmoja iliua watu 242 kwa sababu zile zile: fataki, sponji darini, na walinzi waliowazuia watu mwanzoni wakidhani wanatoroka bili.

Na anayedhani hayo ni ya walevi tu, atazame Iraq. Septemba 2023, katika mji wa Qaraqosh, fataki ziliwashwa ndani ya ukumbi wa harusi zikashika mapambo ya darini. Watu zaidi ya 100 walikufa harusini. Na sisi Kenya tunayo yetu: Machi 2001, shule ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 walikufa bwenini. Moto uliwashwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

Turudi katika kumbi zetu

Si zamani nilikuwa katika kupamba ya jamaa yangu, katika ukumbi nisiotaka kuutaja. Ulikuwa ghorofani, na ngazi yake haipiti watu watatu kwa pamoja. Dari yote ilifunikwa vitambaa vyeupe na maua ya plastiki. Bibi harusi alipoingia, ziliwashwa fataki mbili za cheche pembeni mwa jukwaa, na sote tukapiga vigelegele. Nilipouliza mlango wa nyuma uko wapi, niliambiwa umefungwa, kwa sababu mbili: wasio na kadi wasiingie, na wanaume wasichungulie.

Sababu ya pili ni ya heshima, na siipingi. Sitara ya wanawake ni haki yao. Lakini sitara hulindwa kwa pazia na kwa mama wawili wakali wa kukaa mlangoni. Komeo la ndani linalofunguka kwa kusukumwa tu humzuia wa nje asiingie na halimzuii wa ndani kutoka. Kufuli hailindi heshima ya mtu ikiwa siku ya moto atatolewa amebebwa na wanaume, maiti.

Mambo ya kufanya si makubwa. Kabla ya kulipa ukumbi, uliza milango mingapi, kisha nenda uisukume kwa mkono wako. Uliza unachukua watu wangapi, na kadi zisizidi hapo. Najua ilivyo vigumu kwetu kumnyima mtu kadi. Mpambaji aambiwe vitambaa visikae karibu na taa zenye joto wala kuziba mlango, na fataki za ndani ziachwe kabisa. Mama aliye na watoto ajue atatokea wapi kabla sahani hazijaletwa.

Yaliyobaki ni ya serikali ya kaunti, ambayo kwa Katiba yetu ya 2010 ndiyo yenye kazi ya zima moto. Anayetoa leseni ya ukumbi awe amepanda ngazi zake kwa miguu yake. Na sisi tusimpe sababu ya kutopanda.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kadari tunaiamini. Lakini kufuli ya Cromañón ilitiwa na mkono wa mtu, na mtu huyo alikuwa na ufunguo. Wikendi hii kuna harusi nyingi. Atakayetangulia kufika ukumbini, kabla ya kutafuta kiti kizuri karibu na jukwaa, na akausukume ule mlango wa nyuma.