Kwa Nini Maziwa ya Sosaiti Nyingine Hayarudishwi

Skimu mbili zimepakana. Mvua yao ni moja, majani ni yale yale, na ng'ombe wao wa gredi ni wa mbegu moja. Lakini mwisho wa mwezi wakulima wa sosaiti hii hupokea fedha zao zote, na wale wa sosaiti ya pili huambiwa kwamba kuna makato, kwa kuwa tangi moja la maziwa lilirudishwa na kiwanda. Hapo watu huanza kunong'ona kwamba kamati imekula fedha. Huenda wakati mwingine imekula. Lakini mara nyingi fedha hizo zimeliwa na vijidudu. Nataka kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na jinsi sosaiti inavyoweza kuiona kasoro yake kwa kujipima na wenzake.

Tuanze na kopo moja. Tuseme mkulima ameleta lita 20, maziwa ya jana jioni aliyoyachanganya na ya asubuhi katika jerikani ya plastiki. Jerikani ile ina shingo nyembamba, mkono hauingii, na katika pembe zake umeganda ukoko wa maziwa ya juzi. Wakati wa joto kuna vijidudu vinavyogawanyika kila dakika 20. Fanyeni hesabu: kijidudu kimoja huwa 8 baada ya saa moja, 512 baada ya saa 3, na zaidi ya 4,000 baada ya saa 4. Maziwa hayo yakimiminwa katika tangi la lita 2,000, kiwanda hakitanunua lita 1,980 na kuziacha zile 20. Kitarudisha yote. Wale walioosha viwele kwa maji safi, wakakamua katika ndoo ya chuma, wakawahi barabarani, wamepata hasara pamoja na mwenzao.

Basi ubora wa maziwa ya sosaiti hauna budi kuangaliwa mahali pa kupokelea, kopo kwa kopo, kabla ya kumimina. Karani huanza kwa macho na pua. Kisha hutumia laktomita. Kwa joto la digrii 20 maziwa mazuri husoma kati ya 28 na 36, yaani lita moja ina uzito wa gramu 1,028 hadi 1,036. Maji yakitiwa, hesabu hiyo hushuka. Tatu ni spiriti: maziwa kidogo na spiriti kiasi hicho hicho huchanganywa katika kichupa. Yakifanya mabonge, basi yameanza kuchacha, au yametoka kwa ng'ombe aliyezaa juzi au mwenye ugonjwa wa kiwele, nayo hayatastahimili moto wa kiwandani.

Niseme hapa kwamba laktomita hushika maji tu, haishiki uchafu. Nimepata kuona mahali pa kupokelea ambapo kifaa kilikuwa hicho kimoja, na karani akajisifu kwamba hakuna anayemdanganya. Wala spiriti haishiki dawa ya sindano aliyodungwa ng'ombe. Hapo ni mkulima mwenyewe kuzihesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa na kutoleta maziwa mpaka ziishe.

Sosaiti nyingi hufanya vipimo hivyo. Tofauti huja baadaye. Katika sosaiti moja kopo hukataliwa, mkulima hurudi nyumbani amenuna, na habari huishia hapo. Katika nyingine karani huandika: kopo la nani, lilifika saa ngapi, lilikamuliwa saa ngapi, lilishindwa kipimo gani. Baada ya mwezi daftari hiyo husema mambo ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyajua.

Watu wa Denmark waliyajua mambo haya zamani. Wakulima wadogo wa huko walianzisha kiwanda chao cha kwanza cha ushirika cha maziwa mahali paitwapo Hjedding mwaka 1882, na muda si muda viwanda vya namna hiyo vikawa mamia. Siagi yao iliuzwa Uingereza, na siagi mbaya ya kiwanda kimoja iliweza kuharibu jina la wote, kama lile kopo letu katika tangi. Tangu 1889 siagi ya viwanda mbalimbali ilipelekwa Copenhagen kuonjwa na mabingwa na kupewa alama. Werevu wao ulikuwa huu: kiwanda kiliitwa kwa telegramu, nacho kilipaswa kutuma mara moja siagi iliyotengenezwa siku hiyo. Haikuwezekana kuandaa siagi nzuri ya maonyesho. Hivyo kila kiwanda kiliweza kujua kimesimama wapi kati ya wenzake. Mwaka 1901 viwanda vilipata chapa yao moja, na mwaka 1906 sheria ikaamuru siagi yote ya kuuzwa nje iwe na chapa hiyo.

Kwetu hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Nilipokuwa mwalimu niliona kwamba alama za mtihani zikirudishwa baada ya miezi miwili, mtoto huangalia namba na kuiweka karatasi mfukoni. Zikirudishwa kesho yake, huuliza alikosea wapi. Sosaiti nayo ni vivyo hivyo. Hesabu za makopo yaliyokataliwa zibandikwe ukutani kila wiki, kituo kwa kituo.

Lakini ziandikwe kwa haki. Kituo kinachopokea makopo 300 kwa siku hakiwezi kushindanishwa na chenye makopo 40 kwa kuhesabu yaliyokataliwa tu. Andikeni ni mangapi katika kila 100. Tena msidhani kwamba namba ikiwa kubwa, wakulima wa hapo ni wachafu. Naijua sosaiti moja, jina nitaliacha, ambayo kituo chake kimoja kilikataa makopo 6 katika 100 na cha pili 1. Kamati ilikuwa tayari kuwatoza faini wale wa kituo cha kwanza. Mama mmoja wa hapo alikuwa amerudishiwa maziwa mara tatu katika wiki moja. Akakata tamaa, akawa anayauza kwa hoteli ya njiani kwa bei ndogo, na mkopo wake wa ng'ombe ulikuwa haujaisha.

Katibu akashauri waende kwanza kwenye kituo cha pili waone wanafanyaje. Walikuta kuna kibanda cha nyasi cha kuwekea makopo, na lori hufika saa moja na nusu asubuhi. Waliporudi kwenye kituo cha kwanza waliuliza saa, jambo ambalo hawakuwa wameuliza kamwe. Lori hilo hilo lilifika hapo saa nne. Mama yule alikamua saa kumi na moja alfajiri, na maziwa yake yalikaa juani. Ratiba ile ilikuwa imeandikwa na kamati yenyewe. Waligeuza njia ya lori, wakajenga kibanda cha pili, na baada ya miezi miwili vituo vyote viwili vilikuwa vikikataa kopo moja au mawili katika 100. Mama amerudi sosaiti.

Jihadharini na namba moja: sufuri. Kituo kisichokataa kopo hata moja mwezi mzima huenda kina wakulima hodari sana, au karani wake hapimi, au kamati imemwahidi zawadi kwa kukataa machache. Njia ya kujua ni kuiweka daftari yake kando ya risiti za kiwanda. Kiwanda kikiwa kinalalamika na karani hana kosa aliloandika, mmekwisha kupata jibu.

Tangu 1992, serikali ilipoacha kupanga bei ya maziwa, wanunuzi wamekuwa wengi, na mnunuzi anaweza kuipita sosaiti yenu akaenda kwa jirani. Basi katika mkutano mkuu ujao msiulize bei ya lita peke yake. Mwombeni katibu awasomee mambo matatu kwa kila kituo: makopo yaliyokataliwa katika 100, saa zinazopita tangu kukamua mpaka maziwa kutiwa katika tangi la baridi, na matangi yaliyorudishwa mwaka huu. Asipokuwa nayo, mpeni miezi mitatu na daftari mpya.