Anasoma uchumi Kidato cha Tano? Mfungulie daftari la matumizi ya nyumbani

Ni Jumamosi asubuhi, wiki ya mwisho ya likizo. Kijana wa Kidato cha Tano ameketi barazani, anakariri kwa Kiingereza maana ya gharama ya fursa, neno kwa neno kama mwalimu alivyoiandika ubaoni.

Hatua chache tu kutoka hapo, mama yake anahesabu mauzo ya vitumbua. Fedha zinatosha gunia la mkaa au nauli ya kijana kurudi shule. Vyote viwili haviwezekani wiki hii.

Mama anachagua nauli. Atapikia mkaa wa kopo, ambao ukijumlisha mwisho wa mwezi ni ghali kuliko gunia. Gunia aliloliacha, pamoja na nafuu ambayo lingempa, ndiyo gharama ya fursa. Somo limepita mbele ya kijana, lakini hakuna aliyemwonyesha.

Mambo kama haya hutokea katika nyumba nyingi zenye mwanafunzi wa HGE, EGM au ECA.

Somo jipya, muda mfupi

Wengi wanakutana na uchumi kwa mara ya kwanza Kidato cha Tano. Wanaanza masomo Julai, na mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita hufanyika Mei, hivyo wana muda usiofika miaka miwili. Mada ni nyingi na lugha ni Kiingereza, ndiyo maana wengi hukimbilia kukariri.

Kukariri kuna mwisho wake. Mwanafunzi anaweza kutaja kanuni ya mahitaji bila kukosea, kisha akakwama akiulizwa kwa nini mkulima wa nyanya hupata hasara mwaka wa mavuno mengi. Aliyewahi kutumwa sokoni msimu wa nyanya anaweza kujibu: bei ikishuka kwa nusu, familia hazianzi kula nyanya mara mbili zaidi. Mkulima anauza matenga mengi na kurudi na fedha kidogo. Darasani hali hiyo huitwa unyumbufu mdogo wa mahitaji.

Mzazi afanye nini

Mzazi hahitaji kuwa amesoma uchumi, wala kujua Kiingereza. Aeleze kwa Kiswahili, kisha mtoto aandike jambo hilo kwa Kiingereza cha darasani. Kazi hiyo ya kutafsiri nayo ni marudio ya somo.

Kwanza, wakati wa likizo mpe mtoto kazi ya kuandika bei za vitu vitano mnavyonunua kila wiki, kama unga, mchele, mafuta ya kupikia, sukari na mkaa. Mwisho wa mwezi muulize kipi kimepanda, na nyumbani mmepunguza nini kwa sababu hiyo.

Pili, fuatilieni pamoja bei kikomo za mafuta ambazo Ewura hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Dizeli ikipanda, mtoto aangalie kama bei ya mboga zinazosafirishwa kutoka mbali inabadilika, na baada ya muda gani.

Tatu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kiwango cha mfumuko wa bei kila mwezi. Hapa wengi hukosea, hata watu wazima. Mfumuko ukishuka kutoka asilimia 4 hadi 3, bei hazijashuka. Bado zinapanda, ila kwa kasi ndogo. Mtoto akilinganisha taarifa hiyo na orodha yake ya nyumbani, hatalisahau hilo katika chumba cha mtihani.

Siri ya fedha

Kinachowazuia wazazi wengi ni aibu. Ada ya Kidato cha Tano na Sita katika shule za umma ilifutwa kuanzia mwaka 2022/23, lakini nauli, sare na mahitaji ya bweni bado yanamsubiri mzazi. Wengi hawataki mtoto ajue wanavyohangaika.

Lakini mtoto wa miaka 17 husikia simu za madeni zinazopokelewa kwa kunong'ona. Asipoelezwa, hujaza mwenyewe yale asiyoyajua, na mara nyingi huwaza mabaya kuliko yaliyopo. Akianza kukosa usingizi, kupoteza hamu ya kula au kuogopa kurudi shule, zungumza naye na mwalimu wake wa malezi. Hali ikiendelea, mpeleke kituo cha afya.

Kumshirikisha si kumtwisha mzigo. Mwonyeshe kilichoingia, kilichotoka na sababu ya uamuzi wenu. Usimwachie yeye aamue deni lipi lilipwe kwanza, na usimwambie kwamba nyumbani mnajinyima kwa sababu yake.

Mzazi asiyejua aanzie wapi anaweza kumwita mtoto siku ya kupanga matumizi, akaweka fedha mezani na kumuuliza: "Hizi tukizinunulia mkaa, tutakosa nini?"